Brussels: Mtoto akimeza sabuni, usimtapishe

Katika fleti za Matonge, mtaa wa Waafrika ulioko Ixelles mjini Brussels, wazazi wengi wanalea watoto bila bibi wala shangazi wa kuwasaidia. Mtoto wa miaka miwili anapomeza kitu au kumwagikiwa na chai, simu ya kwanza mara nyingi hupigwa nyumbani, iwe ni Bukavu, Mombasa au Dar es Salaam.

Ushauri unaotoka huko unafahamika: mnyweshe maziwa, mtie kidole atapike, mpake dawa ya meno palipoungua. Umetolewa kwa mapenzi, lakini wataalamu wa afya wanaukataa.

Ubelgiji ina kituo maalumu cha sumu, kiitwacho Centre Antipoisons kwa Kifaransa na Antigifcentrum kwa Kiholanzi. Kiko Neder-Over-Heembeek, kaskazini mwa Brussels, katika eneo la Hospitali ya Kijeshi ya Malkia Astrid. Namba yake ni 070 245 245, hujibiwa usiku na mchana, na ushauri ni bure. Asiyejua vizuri lugha hizo ashike pakiti ya kitu kilichomezwa na asome jina lake herufi kwa herufi.

Kwa nini mtoto asitapishwe? Dawa kali ya kusafishia choo huunguza koo inaposhuka, na ikirudi juu huliunguza mara ya pili. Sabuni hutoa povu linaloweza kuingia kwenye mapafu. Hatari ni hiyo hiyo kwa mafuta ya taa, ambayo huko nyumbani bado huwekwa katika chupa za soda. Nayo maziwa hayaondoi sumu, na yanaweza kumfanya mtoto atapike.

Ulaya kuna hatari nyingine ambayo bibi hakuijua: vifuko vidogo vya sabuni ya maji ya kufulia, vyenye rangi kama peremende. Tangu mwaka 2015 sheria za Umoja wa Ulaya zinataka viuzwe katika makopo yasiyoonyesha kilichomo na magumu kwa mtoto kufungua, na ngozi ya kifuko iwe chungu. Hata hivyo, kopo likiachwa wazi sheria haisaidii kitu.

Ya kuogopwa zaidi ni betri ndogo ya duara, mfano wa kitufe. Ikikwama kooni inaweza kuunguza vibaya ndani ya saa mbili, hata kama mtoto anaonekana mzima. Asisubiriwe mpaka asubuhi. Apelekwe hospitali mara moja, na asipewe chakula wala kinywaji ila kama wataalamu wameagiza.

Kwa kuungua, dawa ya kwanza ni maji ya bomba yenye ubaridi wa kadiri, yatiririke kwa dakika 20. Vua nguo zilizolowa, lakini usibandue iliyoganda kwenye ngozi. Usipake siagi, unga wala dawa ya meno, na usipasue malengelenge.

Mtoto akipoteza fahamu, akipata degedege au akishindwa kupumua, piga 112 kwanza. Simu hiyo ni bure. Gari la wagonjwa hulipiwa kiwango kimoja, kilichoanza na euro 60 mwaka 2019 na ambacho hupanda kufuatana na gharama za maisha. Asiye na vibali vya kuishi asijifiche: sheria ya Ubelgiji inatambua msaada wa dharura wa matibabu kwa watu kama yeye, na gharama hushughulikiwa kupitia ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa, CPAS.

Kinga ni bora kuliko tiba. Dawa na sabuni ziwekwe juu na kufungiwa, mpini wa sufuria ugeuzwe upande wa ukutani, na kikombe cha chai kisishikwe pamoja na mtoto. Bibi naye apigiwe simu baadaye, apewe habari kwamba mjukuu ni mzima.