Lugha ya Mtihani na Kipimo cha Elimu katika Shule za Sekondari za Tanzania

Kila mwaka unapokaribia kwisha, wanafunzi wa kidato cha nne katika Tanzania huketi kufanya mtihani wa taifa wa kumaliza elimu ya sekondari. Siku hiyo kijana wa Newala na kijana wa Bukoba, ambao hawajapata kuonana, hupewa maswali yale yale, kwa saa ile ile, na majibu yao husahihishwa kwa mwongozo ule ule. Matokeo yake ndiyo yanayoamua nani aendelee na kidato cha tano, nani apate nafasi katika chuo, na nani arudi nyumbani pasipo njia iliyo wazi mbele yake. Maadamu mzigo uliowekwa juu ya mtihani huu ni mzito kiasi hicho, yapasa kuuliza unapima nini hasa.

Jibu jepesi ni kwamba unapima elimu aliyoipata mtoto. Jibu hilo si la uongo, lakini halikutimia. Ukiacha somo la Kiswahili na masomo mengine machache, karatasi za mtihani huandikwa kwa Kiingereza na kujibiwa kwa Kiingereza. Na watahiniwa walio wengi wametoka katika shule za msingi za serikali, ambamo masomo yote, ila somo la Kiingereza lenyewe, hufundishwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo kila alama inayotolewa ina vipimo viwili ndani yake, kipimo cha maarifa na kipimo cha lugha, na cheti hakisemi kila kimoja kimechukua sehemu gani.

Asili ya mtihani

Wakati wa utawala wa Waingereza, na miaka ya kwanza baada ya Uhuru, wanafunzi wa sekondari wa Tanganyika walifanya mtihani wa Cambridge. Maswali yalitungwa Uingereza, na majibu yalipelekwa huko kusahihishwa. Mwaka 1967 liliundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, likashirikiana na Cambridge katika kuendesha mitihani ya nchi tatu. Tanzania ilijitoa katika Baraza hilo mwaka 1971, na kwa Sheria Na. 21 ya mwaka 1973 ikaunda Baraza la Mitihani la Tanzania. Tangu hapo maswali hutungwa nchini, na walimu wa nchini ndio wanaoyasahihisha. Hivyo mtihani ulirudi nyumbani. Lugha yake haikubadilika.

Jambo hilo halikutokana na kusahau. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali, na Mpango wa Pili wa Maendeleo, ulioanza mwaka 1969, ulitaja nia ya kukipandisha hadi sekondari. Somo la Siasa lilifundishwa kwa Kiswahili katika shule za sekondari, na wanafunzi walitahiniwa kwa lugha hiyo. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia katika kidato cha kwanza mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wachunguzi wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania wakakuta kwamba wengi wao hawakukijua kwa kiwango cha kuwawezesha kujifunza masomo mengine kwa lugha hiyo. Hata hivyo shauri lililofuatwa baada yake lilikuwa kuongeza juhudi za kufundisha Kiingereza, si kubadili lugha ya masomo. Na baada ya nchi kuingia katika mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, somo la Siasa liliondolewa, likawekwa somo la Uraia, nalo likafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Basi mwanafunzi aliyetakiwa kueleza wajibu wa raia kwa taifa lake alipewa lugha ngeni ya kuuelezea.

Maana ya mtihani sanifu

Mtihani huitwa sanifu pale watahiniwa wote wanapopewa maswali mamoja, muda mmoja, mwongozo mmoja wa kusahihisha, na mipaka mimoja ya madaraja. Faida yake ni kubwa. Mwalimu hawezi kumpendelea mtoto wa rafiki yake, wala shule ya mjini haiwezi kujitungia kipimo chepesi. Katika nchi kubwa ambamo shule hazilingani kwa vitabu, maabara na walimu, mtihani wa namna hii ni mojawapo ya njia chache za kuwatazama watoto wote kwa jicho moja.

Katika utaratibu unaotumika sasa kwa kidato cha nne, alama 75 hadi 100 ni A, 65 hadi 74 ni B, 45 hadi 64 ni C, 30 hadi 44 ni D, na zilizo chini ya 30 ni F. A huhesabiwa pointi 1, na kuendelea hivyo hadi F, ambayo ni pointi 5. Huchukuliwa masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi, na pointi zake hujumlishwa. Jumla ya 7 hadi 17 ni daraja la kwanza. 18 hadi 21 ni la pili. 22 hadi 25 ni la tatu. 26 hadi 33 ni la nne. Na 34 au 35 ni sifuri.

Hesabu hiyo yafaa itazamwe kwa makini. Mtahiniwa aliyepata F katika masomo sita, akapata C katika moja tu, atakuwa na pointi 33, naye yumo katika daraja la nne. Aliyepata D moja na F sita atakuwa na pointi 34, naye amepata sifuri. Basi ikiwa mwanafunzi ameshindwa masomo yote yaliyoulizwa kwa Kiingereza, lakini akapata C katika Kiswahili, somo hilo peke yake linatosha kumvusha mpaka baina ya kufaulu na kutofaulu.

Mipaka yenyewe, ingawa huonekana imara mithili ya ukuta, huwekwa na watu. Matokeo ya mtihani wa mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Nchi ilishtuka, Waziri Mkuu akaunda tume, na mwezi wa Mei serikali ikaagiza matokeo yapangwe upya kwa utaratibu uliotumika mwaka uliotangulia. Majibu ya watoto hayakubadilika hata kwa nukta moja. Kilichobadilika ni namna ya kuyapangia madaraja. Tukio hilo lilifundisha kwamba daraja si kitu kilichopimwa kwa mizani ya dukani. Ni hukumu, na hukumu huhitaji sababu zinazoweza kuelezwa.

Mambo mawili katika alama moja

Ili kuona jinsi lugha inavyoingia katika alama, na uchukuliwe mfano wa swali la hisabati. Mkulima ana uzio wa mita 60, naye ataka kuzungushia bustani ya mstatili ambayo urefu wake ni mara mbili ya upana. Eneo la bustani ni kiasi gani? Anayeelewa atasema kwamba urefu na upana kwa pamoja ni mita 30, kwa hiyo upana ni 10, urefu ni 20, na eneo ni mita za mraba 200. Sasa na awepo mtahiniwa anayesoma swali hilo kwa Kiingereza, akadhani kwamba urefu umezidi upana kwa mita mbili. Atapata upana wa 14, urefu wa 16, na eneo la mita za mraba 224. Kanuni ya mzingo aliijua, mlinganyo aliufumbua bila kosa, na kuzidisha alizidisha sawasawa. Kosa lake ni la kusoma, lakini litaandikwa katika safu ya hisabati.

Katika somo la historia jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa mtahiniwa hatakiwi kutoa jibu moja bali kujenga hoja. Kijana aliyekulia Kilwa huenda amesikia habari za Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907 tangu utotoni: maji ya Kinjikitile pale Ngarambe, pamba iliyolimwa kwa kulazimishwa, na njaa iliyofuata vita. Akiulizwa kwa Kiswahili aeleze kwa nini watu wa makabila mbalimbali waliungana, atasema mengi, na atatofautisha sababu iliyo kubwa na iliyo ndogo. Akiulizwa kwa Kiingereza, aghalabu huandika orodha ya hoja alizozinakili ubaoni na kuzihifadhi, kwa maneno yale yale aliyopewa, maana akiyaacha maneno hayo hana mengine. Huko ndiko kukariri kunakolalamikiwa kila mwaka. Watu husema kwamba watoto ni wavivu wa kufikiri. Lakini mtu hawezi kuifikiria hoja kwa lugha ambayo hawezi kuigeuza maneno yake.

Darasani mambo huenda vivyo hivyo. Wachunguzi wengi, miongoni mwao Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Birgit Brock-Utne wa Norway, wameeleza jinsi mwalimu anavyofundisha kwa Kiingereza, akiona kimya hugeukia Kiswahili, watoto wakachangamka na kuuliza, kisha maandishi ya ubaoni yakarudi kuwa ya Kiingereza. Maarifa hupokewa kwa lugha moja na kudaiwa kwa lugha nyingine. Mtihani huliona lile daftari tu. Yale mazungumzo hayana alama.

Tena mzigo huu hauwaangukii wote sawasawa. Mtoto ambaye wazazi wake waliweza kulipia shule ya msingi inayofundisha kwa Kiingereza huingia sekondari akiwa na miaka mingi ya mazoezi. Mwenziwe wa shule ya kijijini hupewa majuma machache ya mafunzo ya mwanzo, kisha hutarajiwa asome biolojia. Maswali ni mamoja na saa ni moja, lakini mmoja ameanza mbio akiwa mbele ya mwenziwe. Ule usawa ambao ndio fahari ya mtihani sanifu huharibika hapo.

Hoja za wanaotetea Kiingereza

Si haki kudhani kwamba wanaotetea Kiingereza hawana hoja. Wanasema kwamba vitabu vya elimu ya juu vimo katika lugha hiyo, kwamba biashara na safari zaihitaji, na kwamba wazazi wenyewe huitaka. Yote hayo ni kweli. Lakini yanathibitisha kwamba Kiingereza kifundishwe vizuri. Hayathibitishi kwamba maarifa ya kemia yapimwe kwa Kiingereza. Lugha yaweza kufundishwa kama somo na kutahiniwa kama somo, na alama yake ikasimama peke yake katika cheti, mwajiri akaisoma akajua alichonacho kijana.

Hoja nyingine ni kwamba Kiswahili hakina istilahi. Hoja hii ilikuwa na uzito zamani kuliko sasa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na maneno kama usanisinuru, nishati na kani yanajulikana na walimu. Hata hivyo yafaa ikubaliwe kwamba istilahi za Kiswahili nazo hazina budi kufundishwa. Katika mazungumzo ya kawaida neno nguvu hubeba maana nyingi. Katika fizikia lazima litenganishwe na kani na nishati. Mtoto hazaliwi akijua tofauti hiyo. Lakini tofauti hiyo ni sehemu ya fizikia yenyewe, na anayejifunza fizikia ataifikia. Kumbe kutojua sarufi ya Kiingereza si sehemu ya fizikia hata kidogo.

Njia zilizopo

Njia ya kwanza ni nyepesi, nayo haihitaji sheria mpya: watungaji wa maswali wayapime maswali yao kwa lugha kama wanavyoyapima kwa maarifa, wakiondoa sentensi ndefu na maneno yasiyo ya lazima. Njia ya pili ni kuchapisha karatasi zenye lugha mbili, swali likiwa kwa Kiingereza upande mmoja na kwa Kiswahili upande wa pili, na mtahiniwa akaruhusiwa kujibu kwa ile aimudu. Gharama zake ni za kutafsiri na kuwaandaa wasahihishaji, na nchi ambayo walimu wake huzijua lugha zote mbili haikosi watu wa kazi hiyo. Njia ya tatu ni ile iliyopendekezwa mwaka 1982, kubadili lugha ya kufundishia yenyewe. Nayo ndiyo ndefu zaidi, kwa kuwa hutaka vitabu na walimu kabla ya kutaka mitihani.

Jambo hili lina haraka sasa kuliko zamani. Sera ya elimu iliyozinduliwa tarehe 1 Februari 2025 imeweka elimu ya lazima ya miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari. Zamani waliofika kidato cha nne walikuwa wachache waliochujwa; sera hiyo inakusudia kila mtoto afike. Mtihani uliokuwa mlango wa wachache utakuwa mlango wa taifa zima. Kijana atakayeambiwa hapo kwamba ameshindwa ana haki ya kujua ameshindwa nini: kama ni elimu aliyofundishwa, au ni lugha aliyoulizwa nayo.