Milimita 11.3 Zinasema Nini?

Malori yakiibonyeza lami mpaka ikaacha mifereji miwili ya matairi, mvua ikinyesha maji hutuama humo na gari huteleza. Kwa hiyo mchanganyiko wa lami na kokoto hujaribiwa maabara kwanza. Kipimo kimojawapo kinachotumika sana kilianzia Hamburg, Ujerumani, miaka ya 1970. Gurudumu la chuma linalokandamiza kwa uzito wa kama kilo 72 huenda na kurudi juu ya sampuli iliyozamishwa kwenye maji, mara nyingi ya nyuzi 50, hadi mapito 20,000. Jimbo la Texas, Marekani, limeweka ukomo wa milimita 12.5. Mfereji ukipita kina hicho kabla ya mapito yaliyopangwa kwa daraja la lami husika, mchanganyiko umeanguka.

Tuseme sampuli nne za mchanganyiko mmoja zimetoa milimita 9.1, 12.4, 10.2 na 13.5. Wastani wake ni 11.3, na mkandarasi atataka kuanza kumwaga lami kesho yake. Mimi ningemzuia. Mchepuo wa kawaida wa namba hizo ni kama milimita 2, karibu asilimia 18 ya wastani. Kwa mtawanyiko huo, sampuli mbili za mchanganyiko uleule zinaweza kupishana kwa milimita 5 bila fundi yeyote kukosea. Na wastani wenyewe, kwa kuwa umetokana na sampuli nne tu, una mashaka ya milimita moja hivi juu na chini. Ukomo uko milimita 1.2 tu mbele yake.

Mtawanyiko huo unatoka wapi? Sehemu yake ni ya kawaida: kokoto hazijipangi sawasawa, na sampuli hushindiliwa mpaka nafasi za hewa zibaki karibu asilimia 7, lakini moja hutoka na 6.6, nyingine 7.4. Joto la maji nalo hupanda na kushuka kidogo.

Sehemu inayosumbua zaidi ni maji. Mwanzoni mfereji huongezeka polepole, na sampuli zote hufanana. Kisha lami huanza kubanduka kwenye kokoto, na kuanzia hapo kina huongezeka kwa kasi. Sampuli moja ikifika hatua hiyo kwenye mapito 14,000 na mwenzake 17,000, mwishoni zitakuwa mbali sana, ingawa udhaifu wake ni mmoja. Ndiyo maana mchanganyiko imara hutoa namba zilizokaribiana na ule dhaifu hutoa namba za kila aina. Mtawanyiko wenyewe ni habari, wala si uchafu wa kufutwa kwa wastani.

Wahandisi washauri, mnapopokea ripoti ya kipimo hiki, daini kina cha kila sampuli, nafasi zake za hewa, na pito ambapo lami ilianza kubanduka. Ripoti yenye wastani peke yake irudisheni maabara.