Ahadi ya Treni Safi na Umeme wa Mto Tana

Hakuna kituo cha reli katika kaunti ya Meru wala ya Embu. Reli ya kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, ikaendelea polepole kupitia Murang'a, Sagana na Karatina, ikakomea Nanyuki mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ilifuata mashamba ya walowezi. Wakulima wa Meru na Embu, walioruhusiwa kupanda kahawa katika miaka hiyohiyo, waliachiwa barabara. Hata hivyo, ukiniuliza ni sehemu gani ya Kenya ina haki ya kusikilizwa linapozungumzwa suala la treni zisizochafua hewa, nitakutajia Embu kwanza. Kwenye mpaka wake wa kusini Mto Tana umezibwa mara tano: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Gitaru, yenye megawati 225, ndicho kituo kikubwa kuliko vyote vya umeme wa maji nchini.

Nalisema hili kwa sababu kampuni za kuunda treni sasa zinatoa ahadi nzito kuhusu kaboni. Alstom ya Ufaransa, Siemens ya Ujerumani na Hyundai Rotem ya Korea Kusini zote zimejiwekea malengo ya kupunguza hewa chafu. Ahadi za namna hiyo zina sehemu mbili ambazo msomaji anapaswa kuzitenganisha. Ya kwanza ni moshi wa kiwanda chenyewe na umeme kinaonunua. Hii kampuni inaimudu: itaweka paneli za jua juu ya paa, itabadilisha tanuri. Ya pili ni kila kitu kilicho nje ya lango lake, kuanzia chuma alichoyeyusha mtu mwingine hadi nishati ambayo treni itakula tangu siku inapokabidhiwa hadi siku inapopelekwa kwenye vyuma chakavu. Treni huishi miaka 30 hadi 40, kwa hiyo sehemu hii ya pili ndiyo inayobeba uzito mkubwa zaidi. Nayo, kwa kiasi kikubwa, haiamuliwi na mtengenezaji. Inaamuliwa na nchi iliyonunua.

Tazama Tanzania. Hyundai Rotem iliiuzia vichwa na mabehewa ya umeme kwa ajili ya reli yake mpya ya upana wa kimataifa (SGR), na safari za abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma zilianza Julai 2024. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya umeme wa Tanzania ilitokana na gesi asilia. Mwaka huohuo bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, likaanza kuzalisha. Treni ni ileile, mota ni zilezile, lakini kaboni kwa kila abiria inashuka kadiri mitambo ya Rufiji inavyochukua nafasi ya gesi. Hakuna fundi wa Korea aliyegusa hata nati moja.

Sasa tazama kwetu. SGR ya Mombasa hadi Nairobi ilizinduliwa Mei 2017 ikiwa na vichwa vya dizeli vilivyoundwa na CRRC ya Uchina. Wengi hawajui kwamba kichwa kama hicho tayari kinaendeshwa na umeme. Magurudumu yake huzungushwa na mota za umeme; kazi ya injini ya dizeli ni kuzungusha jenereta inayozilisha mota hizo. Maana yake kichwa kinabeba kituo chake cha umeme mgongoni, na kituo hicho ni duni: zaidi ya nusu ya nishati iliyo katika dizeli hupotea kama joto, na kila lita inayoungua hutoa karibu kilo 2.7 za kaboni dioksidi. Wakati huohuo karibu asilimia 90 ya umeme wa gridi yetu unatokana na vyanzo visivyochoma mafuta, yaani mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, upepo na jua. Nchi yenye umeme safi kiasi hiki kuagiza dizeli kutoka ng'ambo ili ivute treni ni jambo linaloniuma kila ninapolifikiria.

Kuna hesabu nyingine ambayo haizungumzwi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kila tani inayoteremka kutoka huko hadi Mombasa ina nishati ya mteremko ya takriban kilowati-saa 4.4. Treni ya tani 2,000 inakaribia kilowati-saa 8,800. Sehemu ya nishati hiyo humezwa na upepo na msuguano njiani, lakini iliyobaki, kwenye kichwa cha dizeli, hugeuzwa joto la breki na kutawanyika hewani. Kichwa cha umeme kinapofunga breki, mota zake hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye waya, ukatumiwa na treni nyingine inayopanda. Kwa reli inayoshuka kutoka nyanda za juu hadi baharini, faida hii si ndogo.

Wapo watakaouliza: umeme wenyewe unatosha? Swali ni la haki. Waliokuwa watu wazima mwaka 2000 wanakumbuka ukame ulioshusha maji ya Masinga na mgao wa umeme uliofuata, na hata sasa gridi hubanwa kuanzia jioni hadi saa nne usiku. Lakini usiku wa manane hali hugeuka. Matumizi hushuka, na Olkaria hulazimika kuachilia mvuke hewani kwa kuwa hakuna anayeuhitaji. Treni ya mizigo haina haja ya kuona jua. Inaweza kupangiwa saa hizo.

Na je, mzigo wa Meru na Embu una nafasi gani hapo? Miraa ya Igembe haina. Marobota yaliyofungwa kwa majani ya mgomba yana siku mbili hivi kabla jani halijapoteza nguvu, na hakuna ratiba ya treni itakayomshinda dereva wa pikapu anayeondoka Maua akiwahi ndege Nairobi. Tusidanganyane. Chai ni jambo tofauti. Viwanda vya Mungania na Rukuriri kule Embu, na vya Githongo, Imenti, Kinoro na Igembe kule Meru, hupeleka chai iliyokaushwa na kupakiwa kwenye mifuko ya karatasi hadi Mombasa kwa ajili ya mnada. Mzigo huo ni mkavu, unahesabika, hauharibiki kwa kukaa siku moja zaidi, na njia yake haibadiliki mwaka mzima. Kahawa ni vilevile. Vilevile mbolea na saruji zinazopanda kutoka upande wa pili. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma hupata upinzani mdogo mara kadhaa kuliko tairi juu ya lami, kama toroli inavyoteleza kwenye sakafu ya saruji na kugoma shambani, na ndiyo maana hata treni ya dizeli hutumia kati ya robo na theluthi ya mafuta ambayo lori lingetumia kwa tani ileile. Kuhamisha mzigo kutoka lori hadi reli ni ushindi kabla hata waya haujafungwa.

Reli ya Thika hadi Nanyuki ilikarabatiwa na kufunguliwa tena Desemba 2020. Ni ile ya zamani, ya upana wa mita moja, kwa hiyo mzigo wake hauwezi kuingia kwenye SGR bila kushushwa na kupakiwa upya, na gharama hiyo ndiyo inayowarudisha wasafirishaji kwenye lori. Sioni sababu ya kutandaza waya za umeme kwenye tawi lenye treni chache kwa wiki. Fedha hizo ziende kwenye njia kuu ya Mombasa. Tawi la Nanyuki linahitaji vitu vya kawaida zaidi: ghala na winchi Sagana kwa mzigo wa Embu, vingine Nanyuki kwa ngano na viazi vya Timau, na nauli ya mizigo inayojulikana mapema.

Treni za dizeli zinazohudumia vitongoji vya Nairobi zina funzo lao pia. Serikali ilizinunua mwaka 2020 zikiwa zimetumika kisiwani Mallorca, Uhispania, ambako reli ilikuwa imewekewa umeme na treni hizo zikabaki bila kazi. Kutumia tena chuma kilichokwisha kuyeyushwa ni akiba ya kweli ya kaboni, siibezi. Ila Ulaya inapoendelea kuweka waya, treni za dizeli za mitumba zitazidi kutafuta wanunuzi, na bei yake itatuvuta tubaki na dizeli.

Uganda imeshaamua. Oktoba 2024 ilitia saini mkataba na Yapı Merkezi ya Uturuki wa kujenga SGR ya umeme ya kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala. Kenya nayo imepanga kufikisha SGR yake Malaba. Tukifika hapo na dizeli, kila treni itasimama mpakani kubadilisha kichwa. Nafasi ya nguzo, kimo cha madaraja na mahali pa vituo vya kupozea umeme ni mambo ya kuamuliwa wakati michoro ingali mezani, na wabunge na maseneta wa kaunti ambazo mito yake inajaza mabwawa ya Tana wana kila sababu ya kuiomba Kenya Railways iwaonyeshe michoro hiyo.