Jumba la Mizingani na Jasho Lisiloandikwa

Apitaye Mizingani, kuielekea bandari ya Unguja, hawezi kulikosa jumba kubwa lenye roshani za mbao zilizonakshiwa kwa ustadi. Wengi hulistaajabia; wachache huuliza limetokana na mali gani.

Tharia Topan alizaliwa Kachi, katika Bara Hindi, mwaka 1823, akavuka bahari kuja Unguja angali mtoto. Hakuja na mali. Alianzia chini, akajifunza biashara, hata mwaka 1876 akaikodi forodha ya Sayyid Barghash, akawa ndiye mkusanyaji wa ushuru wa dola nzima. Ni yeye pia aliyemkopesha Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip, bidhaa za kwendea bara; na deni likalipwa kwa pembe za ndovu. Mwaka 1890, mwaka uleule Zanzibar ilipotiwa chini ya himaya ya Uingereza, Waingereza walimtunukia cheo cha Sir.

Jiwe la msingi la jumba hilo liliwekwa mwaka 1887, katika jubilei ya Malkia Victoria, kwa nia ya kuwajengea maskini hospitali. Mwenyewe alifariki mwaka 1891 kabla halijakamilika. Mjane wake, Bibi Janbai, aliiendeleza kazi hiyo hata ikamalizika mwaka 1894. Mwaka 1900 liliuzwa, na baadaye likatumika kwa zahanati.

Ndugu wasomaji, haki haina budi kusemwa. Wema wa mtu huyu haukanushiki, wala asili ya mali yake haifichiki. Pembe hazikujileta pwani: zililetwa mabegani mwa wapagazi na watumwa, ambao majina yao hayakuchongwa juu ya mlango wowote. Historia ya ukoo wa tajiri haitimii pasipo historia ya hao.

Kwa hiyo tunawaasa wazee wa visiwani, wawe asili yao ni Kachi, Hadhramaut, Ngazija au Unyamwezi, wawasimulie vijana habari za mababu zao, na vijana waziandike. Na maofisa waliokabidhiwa dhamana ya nyaraka wazipokee zote kwa heshima moja, ya mjukuu wa tajiri na ya mjukuu wa hamali. Jumba lilifanyiwa ukarabati katika miaka ya 1990. Kumbukumbu za waliobeba mizigo bado zinawangojea wa kuzihifadhi, na wazee wanaozijua wanapungua kila mwaka.