Baiskeli ya Milima Hujifunzwa Kwanza Mtaani

Ardhi ya Eastlands ni tambarare. Kuanzia Makadara hadi Kayole, na kutoka hapo hadi Ruai, hakuna mlima wa kutajwa, na ndiyo sababu wakazi wengi huona kwamba mchezo wa baiskeli za milima ni wa watu wa Karura na Ngong. Lakini baiskeli zenyewe tayari ziko hapa. Ile yenye tairi pana la meno, giya mbele na nyuma, na springi kwenye uma wa mbele, huonekana kila siku Umoja, Dandora na Kariobangi ikibeba mkate, mitungi ya maji au mwanafunzi. Nyingi zimeingia nchini kama mitumba. Kinachokosekana ni ujuzi wa kuishusha kwenye mteremko wa changarawe bila mwendeshaji kukauka kwa hofu.

Hofu hiyo ina sababu. Kijana hununua baiskeli Ijumaa, Jumapili marafiki wanampeleka Ngong, na kwenye mteremko wa kwanza anabana breki kwa nguvu zake zote na kurushwa juu ya usukani. Akipona bila kuvunjika, baiskeli huuzwa wiki hiyo hiyo. Tatizo halikuwa woga wake. Alianzia mahali ambapo angepaswa kumalizia.

Breki kwanza

Jambo la kuangalia kabla ya mengine yote ni mkono upi unaoshika breki ya mbele. Baiskeli zilizotengenezwa kwa soko la Uingereza huwa na breki ya mbele mkono wa kulia. Zilizotoka Marekani, Ujerumani au Uholanzi kwa kawaida huwa kinyume, breki ya mbele ikiwa mkono wa kushoto. Mitumba huja kutoka pande zote mbili. Mtu aliyejifunzia baiskeli ya kaka yake anaweza kupanda nyingine, akabana mkono aliouzoea kwa gurudumu la nyuma, na gurudumu la mbele likasimama ghafla. Kuchunguza ni rahisi: gurudumu la mbele liinuliwe, lizungushwe, kisha abane mkono mmoja baada ya mwingine. Kama breki ni za waya, fundi wa mtaani anaweza kuzibadilisha pande kwa muda mfupi, na hapo hapo akague raba za breki kama zimelika.

Breki ya mbele ina nguvu zaidi, kwa sababu baiskeli inapopunguza mwendo uzito wa mwili huegemea mbele na kulikandamiza tairi hilo ardhini. Kwenye lami, hilo ni faida. Kwenye changarawe au vumbi, tairi la mbele likigandishwa huteleza papo hapo na mwendeshaji huanguka ubavu. La nyuma likigandishwa huburuzika tu, na mara nyingi mtu hubaki wima. Kwa hiyo breki zote mbili hutumika pamoja, polepole, kwa kidole kimoja au viwili, na kazi kubwa ya kupunguza mwendo hufanywa kabla ya kona, si ndani yake.

Zoezi lake linahitaji uwanja mtupu wa vumbi. Viwanja vya Jacaranda, asubuhi ambayo hakuna mkutano, vinatosha. Hata uwanja wa shule, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu. Mstari huchorwa chini kwa kijiti. Mwendeshaji huja kwa mwendo wa mtu anayekimbia taratibu, na kuanzia kwenye mstari husimama kwa breki ya nyuma pekee, kisha kwa ya mbele pekee akibana kwa upole, kisha kwa zote mbili, huku akiweka jiwe kila anaposimama. Baada ya siku chache mawe husogea karibu na mstari, na mikono huanza kujua yenyewe. Watoto wa mtaa watacheka. Wacha wacheke.

Matuta ya mtaani

Somo la pili ni namna ya kusimama juu ya baiskeli, na kwa hili Eastlands ina walimu wengi: matuta ya kila barabara ya mtaa. Anayekaa kwenye kiti hupigwa na kila tuta hadi mgongoni. Anayejua huweka pedali zote mbili usawa mmoja, huinua makalio kidogo, hukunja magoti na viwiko, na kuiacha baiskeli ipande na kushuka chini yake. Kwenye mteremko makalio husogea nyuma zaidi, na kiti huteremshwa mapema ili kisizuie. Tuta likizoeleka, hufuata ukingo wa lami, kwanza kuushuka, kisha kuupanda kwa kuinua gurudumu la mbele. Hatua hizo mbili ndizo hizo hizo zitakazotumika kwenye mizizi na mawe ya msituni.

Macho nayo yana kazi. Baiskeli hufuata jicho: anayelikodolea shimo huingia shimoni, na anayetazama pengo lililo kando yake hupita salama. Kuhusu giya, la msingi ni kushusha kabla ya mwinuko kuanza. Anayebadilisha katikati ya mwinuko huku akikanyaga kwa nguvu huharibu cheni, au huikata.

Miteremko mifupi ipo kwenye kingo za Mto Nairobi upande wa Njiru. Mwendeshaji hushuka kwanza kwa miguu, akitazama mawe yalipo na mahali atakapopumzikia chini. Kisha huanzia theluthi ya mwisho ya mteremko, akirudia hadi moyo uache kudunda, ndipo apande nusu, na hatimaye mteremko mzima. Kumwambia mtu “usiogope” hakumsaidii. Humsaidia kupewa mteremko mdogo kuliko hofu yake. Hata hivyo, machimbo ya mawe si mahali pa mazoezi: kingo zake hubomoka na chini huwa na maji yenye kina. Wakati wa mvua udongo mweusi hunata kwenye tairi na uma hadi gurudumu likatae kuzunguka, na siku hiyo ni heri kubaki nyumbani na kuosha cheni.

Njia hii ya kuanza na kilicho karibu si ngeni nchini. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1985 na kushinda Tour de France mara nne, alipokuwa kijana alifanya mazoezi Kikuyu na Mkenya David Kinjah, kwenye barabara za udongo za huko. Kundi la Kinjah, Safari Simbaz, huwafunza vijana kuendesha na pia kutengeneza baiskeli zao wenyewe. Hilo la pili lina uzito wake: mtu aliyekaza breki zake mwenyewe huziamini.

Safari ya kwanza ya msituni

Karura inafaa kwa safari ya kwanza kuliko Ngong, kwa kuwa njia zake nyingi ni pana na miteremko yake ni ya wastani. Kutoka Donholm au Umoja, Barabara ya Outer Ring ina njia ya baiskeli hadi karibu na Barabara ya Thika, ingawa mara nyingi bodaboda, mikokoteni na wachuuzi nao huitumia. Ni vyema watu watatu au zaidi waende pamoja Jumapili asubuhi, kila mmoja na helmeti, pampu na tyubu ya akiba, na warudi kabla ya giza. Aliyegonga kichwa, kisha akapata kizunguzungu, kutapika au kusahau kilichotokea, apelekwe hospitalini mara moja hata kama hana jeraha. Helmeti iliyopata pigo hilo haifai kuvaliwa tena.

Msituni, wanaotembea kwa miguu hupewa njia, na kengele au salamu hutangulia kabla ya kuwapita. Makutano ya njia za Karura yana namba kwenye vibao. Mwendeshaji mgeni azitazame anapopita, kwani akianguka au akipotea, namba ya mwisho aliyoiona ndiyo itakayowaonyesha askari wa msitu mahali alipo.