Msanii kiziwi anayechora muziki ana neno kwa wazazi

Kwenye noti za muziki, herufi p humaanisha piga taratibu. Zikiwa mbili, sauti ishuke zaidi. Christine Sun Kim alivutiwa na jambo moja: hata ukiziongeza ziwe maelfu, hufiki kwenye ukimya kamili. Akaanza kuzichora p hizo kwenye karatasi.

Kim, aliyezaliwa California, Marekani, mwaka 1980, ni kiziwi tangu kuzaliwa. Sasa anaishi Berlin, Ujerumani, na mwaka 2025 jumba la makumbusho la Whitney, New York, lilifanya maonyesho makubwa ya kazi zake. Anafananisha maneno ya mdomoni na kinanda kinachobonyezwa kitufe kimoja kimoja. Lugha ya alama, kwake, ni vidole vyote kumi kushuka kwa pamoja: mkono, uso na mwendo vinasema kwa wakati mmoja.

Kazi yake ninayoipenda zaidi ni ya 2018. Binti yake anasikia, naye hakutaka sauti izizidi alama nyumbani. Akawaomba marafiki wenye watoto wamtungie nyimbo za kubembeleza za wiki nzima, zisizo na maneno. Mwaka uliofuata alichora chati za duara, mojawapo ikieleza kwa nini wazazi wake, wanaosikia, wanatumia lugha ya alama.

Hapo ndipo wengi wetu tunakwama. Mtoto akigundulika hasikii, familia husubiri aongee kwanza, ikihofia alama zitamfanya mvivu wa kusema. Hofu hiyo haina msingi. Ubongo wa mtoto unahitaji lugha mapema, iwe ya mdomo au ya mikono, na miaka ya mwanzo ikipita bure ni vigumu kuifidia.

Kichanga asiyeshtuka kwa kelele kubwa, au wa miezi sita asiyegeukia sauti, apelekwe kupimwa masikio. Msiambiane kwamba hata baba yake alichelewa kuongea.

Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 60 ya matatizo ya kusikia kwa watoto yanazuilika. Surua na homa ya uti wa mgongo zimo, ndiyo maana chanjo hazirukwi. Usaha wa masikio nao umo, na dawa yake iko kituo cha afya, si kwenye mafuta ya kupikia yanayodondoshwa sikioni.