Seva ndani ya laptopu ya mtumba

Bando lilikuwa limekata, lakini tovuti ilifunguka. Jambo hilo halikuniacha tangu nilipolishuhudia kwa kijana mmoja mtengeneza tovuti, Sinza, Dar es Salaam: laptopu ya mtumba, prosesa ya biti 32, ramu gigabaiti 1, intaneti hakuna, na duka la vitenge linafunguka ukurasa baada ya ukurasa.

Anwani yake ni 127.0.0.1, ambayo kompyuta hutumia kujiita yenyewe. Ombi halitoki nje ya mashine. Wengi huanza kazi hii na XAMPP, kifurushi kinachobeba Apache, MariaDB na PHP kwa pamoja. Yeye aliiondoa. Anasema hifadhidata ilikula ramu hata isipoulizwa kitu, na akiwasha kivinjari kila kitu kinaganda. Siku hizi data zake ziko SQLite, faili moja tu, na seva anaiwasha kwa mstari mmoja: php -S 127.0.0.1:8000. PHP ina seva hiyo ndani yake tangu toleo la 5.4 la mwaka 2012, na waundaji wa PHP wanaonya kuwa ni ya majaribio, si ya kuweka hadharani.

Kilichonikamata ni lile dirisha jeusi anakoandikia amri hiyo. Kila kinachoombwa na ukurasa kinaandikwa humo: picha, fonti, faili la mitindo; 200 kikipatikana, 404 kikikosekana. Kwa kawaida seva hii huhudumia ombi moja kwa wakati, mengine yanapanga foleni kama abiria kwenye mlango mmoja wa daladala. Kwenye mashine mpya mistari humwagika kwa mkupuo, huambulii kitu. Hapa unaiona inavyokuja, na unaona inapokwama. Ilikwama kwenye skripti iliyopunguza picha za vitenge upya kila ukurasa ulipofunguliwa. Akaagiza zipunguzwe mara moja na kuhifadhiwa, mistari ikatiririka. Kwa maelezo yake, mashine yenye nguvu ingemficha uzembe huo, ukaenda kumuumbua mbele ya wateja. Namwamini.

Ila milango inafungwa. Node.js iliacha kutoa matoleo ya Linux ya biti 32 kwa prosesa kama yake kuanzia toleo la 10, mwaka 2018. Debian 13, ya Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha mashine kama yake. Yeye yuko kwenye 12. Masasisho yakikoma? Hakunijibu, aliniuliza kama naona kasoro yoyote kwenye laptopu ile. Sikuiona.

Mwenye duka alipofika, kijana aliwasha hotspoti ya simu, akabadili 127.0.0.1 kuwa 0.0.0.0 ili mgeni afungue duka kwenye simu yake. Lilifunguka, ila bei zilisomeka kwa shida kwenye kioo kidogo, wakaanza kubishana juu ya ukubwa wa maandishi.